Njano ya Barabarani

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limekupunguzia ukorofi. Mimi sijambo, ni mafua tu. Nisalimie Mama na mdogo wangu, na umbusu mwanawe, mjukuu wako. Nina ombi linalohusu afya yake, lakini niruhusu nizunguke kidogo. Unanijua, siwezi kufika sokoni bila kuchungulia kila duka.

Wajua nimehamishiwa kitengo cha manunuzi cha idara ya barabara, idara yako uliyoitumikia mpaka ukastaafu. Kazi niliyokabidhiwa kwanza ni zabuni ya rangi za kuchorea mistari barabarani. Nilidhani nitasinzia. Kumbe! Siku moja nikivuka mbele ya shule, niliona mistari ya kivuko imefutika karibu yote, na swali likaniingia kichwani likakataa kutoka: mstari ukifutika, rangi inakwenda wapi? Nilichuchumaa kuitazama lami mpaka mwendesha pikipiki akanipigia honi, akauliza kama nimedondosha pete.

Nilimwendea msimamizi wa mafundi, yule mliyempa jina la Kamba. Alicheka, akasema inakwenda zinakokwenda soli za viatu. Sawa, na soli zinakwenda wapi? Mkemia wa maabara ya serikali ndiye aliyenijibu: magurudumu yanaisaga ikawa vumbi, mvua inalisomba hadi mtaroni na mtoni, na jingine tunalivuta puani. Tena njano ya zamani, ile inayong'aa, ina madini ya risasi, sumu inayodumaza akili ya mtoto.

Basi tukaandika masharti mapya: rangi isiwe na risasi, ichanganywe na maji badala ya thina, na kila muuzaji alete kopo lipimwe. Kamba alinuna. Alisema njano mpya imepauka kama mgonjwa wa homa, na kwamba siku hizi serikali inanunulia macho ya wanasayansi, si ya madereva. Nikamwomba achore mistari miwili mbele ya ofisi, mmoja wa rangi ya zamani na mmoja wa mpya, tuingojee mvua. Kila asubuhi tulikutana pale, tumeinama kama wanaotafuta sindano, hadi akakiri mwenyewe kwamba mpya imeshika vizuri, ingawa sura yake bado haipendi.

Sampuli zilipelekwa maabara kwa namba tu, asipendelewe mtu. Majibu yaliposomwa kikaoni, zote zilikuwa salama isipokuwa moja, ambayo mkemia alisema risasi yake inatisha. Wajumbe walitaka kujua ni ya kampuni gani waifungie. Nilisimama nikasema si ya kampuni yoyote. Niliichomeka mimi.

Baba, ilitoka kwenye dirisha la sebule yako. Nilipokuja mara ya mwisho nilimkuta mjukuu wako amesimama hapo akijishikilia, anatafuna, na pembeni mwa mdomo ana magamba ya njano. Nilimfuta kwa leso, na leso hiyo sikuifua. Najua ulivyokuwa ukipewa masalio ya rangi kazini, ukapaka madirisha, milango, hata kitanda nilicholalia utotoni, na majirani wakatuonea wivu. Ulitupenda kwa rangi hiyo. Hukuambiwa ilivyo, na aliyeinunua hakuuliza.

Naogopa, Baba. Nakuomba mdogo wangu na mwanawe wahamie kwa shangazi leo hii, na mtoto apimwe damu. Usiikwangue rangi wala usiichome. Vumbi lake ndilo baya. Kamba amejitolea tuje naye Jumamosi na mafundi waifunike.

Na wewe upimwe. Uliichanganya kwa mikono mitupu miaka yote ya kazi yako, na mikono hiyo siku hizi inatetemeka. Niliiona uliposhika kikombe, nikadhani ni uzee.

Salamu zangu ziwafikie wote hapo nyumbani, mkubwa kwa mdogo. Tuonane Jumamosi, Mungu akipenda.

Ni mimi binti yako,
Mdadisi