Kitanda cha Jarrell

Baltimore, nje ya jiji
3 Machi 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na lile sikio? Naandika maana kwenye simu nasema hivi, wewe unajibu vile. Sisi wazima, Jarrell anakula tu.

Mama, kuna mtu ametuchongea. Ofisi ya shule za jiji imeambiwa Jarrell halali kwako, kwamba analala huku kwangu na anatumia anwani yako ili asome Holbrook, shule ya watoto wa jiji. Watatuma mtu akague. Wakithibitisha, mtoto anafukuzwa, na timu ya kupokezana vijiti inapokonywa ushindi wote wa msimu. Yeye ndiye anayemaliza mbio, kama ulivyomaliza wewe enzi zako. Picha yako bado iko kwenye korido ya shule.

Namshuku Kaka Lamont. Mwanawe Keon ndiye mkimbiaji wa akiba. Jarrell akitoka, nani anaingia? Mchunguze. Na mkaguzi akija, mwambie mtoto analala chumba changu cha zamani.

Mwanao,
Renita

Mtaa wa Ellamont
12 Machi

Renita mwanangu,

Marahaba. Magoti yananitesa, sikio ndiyo basi tena.

Mtu wako alikuja. Kijana mpole, suti inambana. Nilimkatia kipande cha pai ya viazi vitamu, akaongeza cha pili. Akaomba kuona chumba, nikampandisha juu. Unakijua: nilitandika kitanda tangu mwaka juzi uliposema Jarrell atalala huku siku za mazoezi. Shuka mpya, taulo, ndala. Alilishika taulo, akaniuliza, "Mama, mbona taulo bado lina karatasi ya dukani?" Nikamwambia arudie, sikio langu bovu. Hakurudia.

Lamont alikuja Jumapili kunirekebishia bomba. Habari za mbio hakuzitaja. Usimsingizie ndugu yako.

Mamako

Baltimore, nje ya jiji
19 Machi

Mama,

Shikamoo. Hakuzitaja! Lamont ambaye hata msibani anazungumzia mbio! Nilikwenda kwake nikamwambia usoni, mke wake anasikia. Unajua alinijibu nini? "Renita, ningetaka nafasi ya mwanao, ningemfundisha wangu kukimbia." Sikumwamini, na sasa hatusalimiani.

Jarrell amesimamishwa mbio. Chama cha wahitimu kimekwenda kumwombea, wale wazee wenye majaketi ya shule, na ofisi imelegea kidogo: ahamie kwako kweli, nisaini kwamba wewe ndiye mlezi wake, basi atakimbia. Namleta Jumapili na begi lake. Nimelia, Mama. Sijui nyumba hii itakuwaje bila kelele zake.

Mwanao,
Renita

Baltimore, nje ya jiji
20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mwezi mzima hujaniandikia.

Leo nimekwenda kusaini. Nikambana yule kijana wa suti aniambie nani aliwapigia simu ya kutuchongea. Jina hakutoa. Alisema tu ni mwanamke mzee, na kila swali ilibidi alirudie kwa kupaza sauti mpaka ofisi nzima ikageuka.

Mama, nimemdhalilisha Lamont mbele ya mke wake. Niambie ni kwa nini.

Renita

Mtaa wa Ellamont
27 Aprili

Renita mwanangu,

Marahaba, ingawa safari hii hukunipa shikamoo ya moyoni.

Jarrell mzima. Anashuka ngazi kwa kishindo mpaka hata mimi nasikia. Taulo liko sakafuni, limelowa. Kitanda hakitandiki, nimesema nimechoka. Jioni namwonyesha jinsi ya kupokea kijiti bila kutazama nyuma, ananicheka, halafu anajaribu.

Miaka miwili anwani yangu ilikuwa na mjukuu, mwanangu. Mimi sikuwa naye.

Jumamosi ni fainali ya jiji. Lamont atanipeleka. Nimemwambia akuwekee nafasi katikati yetu, naye amekubali kwa kununa. Uje umwombe radhi hapo hapo, mimi nitakuwa natazama mbio.

Ama hiyo simu unayoniuliza, wewe mwenyewe unajua: mimi kwenye simu sisikii kitu.

Mamako