Hesabu ya Dundu wa Ngitili

Geita, 3 Novemba 2024

Baba yangu mpendwa, shikamoo.

Naamini wewe na mama hamjambo, na goti lako limetulia. Mimi ni mzima, ila vumbi la pikipiki za wachimbaji limenikausha koo.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanipigia kelele "nini? nini?" mpaka tunakata bila kuelewana. Baba, nimebakiza msimu mmoja tu wa mvua nimalize tasnifu yangu ya udaktari. Miaka miwili nimehesabu dundu wa mavi huku Geita, kwenye mashimo yaliyoachwa na wachimbaji, na huko kwenye ngitili yetu, ambako tangu enzi za babu ng'ombe hawaingii wakati wa mvua ili majani yapone. Nataka kujua mvua zinapobadilika dundu hawa wanabaki wapi na wanatoweka wapi, maana wakitoweka, mavi hukaukia juu ya ardhi na malisho hudhoofika. Mwaka huu siwezi kuwa kote kuwili. Nakuomba unishikie ngitili.

Huko nimekwisha kuzika makopo kumi hadi mdomoni, ili dundu watumbukie. Juu ya kila moja ning'iniza bonge la mavi mabichi kwenye kitambaa. Kila Jumatatu mimina ulichokikuta kwenye chupa yenye spiriti, andika tarehe, mpe Maulidi, kondakta wa basi la Geita.

Binti yako,
Paskazia


Mhunze, 16 Desemba 2024

Mwanangu Paskazia, Tumsifu Yesu Kristo.

Marahaba. Hatujambo. Goti linalia linapojisikia, kama mtoto wa mwisho. Mama yako anauliza kama unakula, kwa kuwa picha uliyotuma una shingo tu.

Watu wananicheka, mwanangu. Jirani yetu Bujiku akiniona nimepiga magoti na bonge la mavi mkononi huita, "Karani! Leo mizani inasemaje?" Miaka ishirini na sita nilipima pamba ya kijiji hiki bila kuchekwa, sasa uzeeni nimekuwa mpima mavi. Nami humuuliza binti yake amesomea nini. Hapo huwageukia ng'ombe wake.

Mvua hakuna. Mawingu huja, yakatutazama, yakaenda zake. Lakini usihofu, chupa ya leo ina dundu arobaini na mmoja. Nimewahesabu mara mbili.

Baba yako,
Stanslaus Ndaki


Geita, 19 Januari 2025

Baba, shikamoo!

Mko wazima? Mimi leo ni mzima kupita kiasi. Nimepiga kelele mpaka Mwasiti, mama mwenye nyumba, akaja mbio na mwiko mkononi akidhani nimeumwa na nyoka.

Huku makopo yangu ni matupu kabisa. Huko kwetu ukame ni ule ule, na dundu wamejaa chupa zote! Tena yumo mdogo mwenye mgongo wa rangi ya shaba, anayependa udongo wenye unyevu; sijawahi kumkuta kwenye ngitili. Maana yake ngitili inawahifadhi mvua zinapogoma. Nimeandika upya sura nzima. Tarehe kumi Februari nasimama mbele ya maprofesa kuitetea. Wakikubali, wataalamu wa malisho watakwenda na matokeo hayo vijijini, na watu wengi watatenga ngitili kwa sababu ya makopo yako. Wabeja sana, Baba, asante.

Binti yako,
Paskazia


Mhunze, 26 Januari 2025

Mwanangu Paskazia,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama kwa kuwa kukaa kulinishinda. Leo sina utani.

Dundu wale hawakutoka kwenye ngitili. Tangu Novemba kila Jumatatu nilikuta mchanga tu. Nikajiambia, mtoto amesoma miaka yote hii, akipeleka chupa tupu watasema hana kitu, watamrudisha nyumbani mikono mitupu. Nikaenda kwenye zizi la Bujiku kando ya lambo la kunyweshea ng'ombe, ambako udongo haukauki, nikaokota, nikajaza. Huyo mwenye mgongo wa shaba nilimwona mzuri, nikamweka juu.

Unajua nilivyokuwa kwenye mizani. Nilizamisha mkono hadi chini ya gunia, na nikikuta mchanga au pamba iliyomwagiwa maji niliikataa. Hata gunia la kaka yangu nililikataa mbele za watu, naye hakunisemesha mwaka mzima. Sasa mchanga nimeutia mimi, tena kwenye gunia la mwanangu. Nilidhani wadudu wakiwa wengi ndiyo unafaulu. Usisimame mbele ya watu na uongo wangu. Nisamehe.

Baba yako,
Stanslaus


Mhunze, 2 Machi 2025

Mwanangu,

Hujambo? Simu yako inaita mpaka inakatika. Maulidi anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma pale pale stendi, ukaondoka bila kumuaga. Tarehe kumi imepita na sijui ulisema nini. Mama yako ameacha kuniuliza, na heri angeuliza.

Nitukane ukitaka, lakini andika.

Baba yako


Geita, 30 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Mwili wangu ni mzima. Mwambie mama ninakula.

Nilikuwa na hasira, Baba, hasira ya kutaka kuzipasua chupa zote. Sikupokea simu kwa sababu ningekutamkia maneno ambayo mtoto hamtamkii mzazi wake. Nilimpigia msimamizi wangu siku ile ile nikamweleza yote. Utetezi umeahirishwa. Sura ile nimeitoa, na msimu mzima inabidi urudiwe. Wala yale makopo matupu siwezi kuyatumia, kwa kuwa hukuyaandika siku ulipoyakuta. Wenzangu watavaa joho mwaka huu, mimi nitakuwa nafukia makopo. Nimelia sana.

Halafu hasira ikanigeukia mwenyewe. Nilikufundisha kumimina na kufunga kifuniko, lakini sikukuambia kwamba kopo tupu nalo ni jibu. Mvua zilikosekana, dundu hawakutoka ardhini. Hiyo ndiyo habari niliyokuwa naitafuta miaka yote, na mimi nilikuwa nikicheza na Mwasiti jikoni kwa ajili ya wadudu wa zizini.

Msimamizi alitaka nitafute mtu mwingine wa kuhesabu. Nimekataa. Nimemwambia hakuna aliyekukamata, ulisema mwenyewe. Novemba nishikie tena ngitili, Baba. Andika unachokikuta, hata kama hakuna.

Binti yako anayekupenda,
Paskazia


Mhunze, 8 Desemba 2025

Mwanangu Paskazia, Tumsifu Yesu Kristo.

Hatujambo. Mama yako amekufungia michembe, viazi alivyovikausha mwenyewe; vya mwaka huu ni vidogo lakini vitamu. Mvua ilinyunyiza siku moja, ikakoma.

Leo nimekagua makopo yote. Nilipofika la saba nilishikwa na huzuni, mwanangu. Utotoni nikichunga niliwakanyaga dundu hawa bila kuwatazama, na sasa nawatafuta kwa magoti yanayouma. Wakati huo Bujiku alikuwa akipitisha ng'ombe wake kutoka lamboni. Kwenye mavi waliyoacha njiani niliona dundu wawili wanaviringisha bonge lao, wamenona. Chupa ilikuwa mkononi, kifuniko kimefunguliwa. Niliwatazama mpaka wakapotea majanini.

Nimetia spiriti, nimefunga, nimebandika karatasi. Maulidi ameiinua chupa juani akaniambia, "Mzee, mbona hamna kitu humu?" Nimemwambia aipeleke hivyo hivyo, na aishike vizuri isivunjike.

Tarehe 8 Desemba 2025. Ngitili ya Ndaki. Makopo kumi. Dundu: sifuri.

Amehesabu: baba yako, Stanslaus