Mwizi Kaachwa Ndani

Jumatano, baada ya isha

Halafu Rehema ananiambia mwizi bado yumo humo humo, wala hawajazima kitu. Nakwambia wewe simu, maana kuandika sijui. Mwanangu Rehema ndiye aliyetengeneza kompyuta zinazotunza habari za wagonjwa pale hospitali, na kesho mie napasuliwa goti hapo hapo.

Ziko tano, kila moja na jengo lake, na zote zimeandikwa habari zile zile. Mwizi wa mtandaoni kaingia kwenye moja, anaweza kubadilisha yaliyoandikwa humo. Nikamwambia zima, mwanangu.

"Nikizima, mama, watatibu kwa kubahatisha. Nne zikisema penisilini haikufai, hiyo moja ikisema inakufaa, daktari anaonyeshwa ya zile nne."

Sindano ya penisilini ilitaka kuniua nikiwa na mimba ya huyu huyu Rehema. Nilivimba uso, marehemu baba yake akapita kitandani kwangu hakunijua.

Basi nikakumbuka shughuli zetu za Mbagala. Mpishi mmoja akidokoa nyama humfukuzi, pilau iko motoni, unawaambia wenzie wamtupie macho. Sawa, hapo nimeelewa. Ila nikamuuliza, je, na wenzie wakirubuniwa? Kainuka, kaenda kupekua makabati. Huko kupekua ndiko kunaninyima raha, kitanda nimeshatandika mara mbili na...

Huyo ananiita mlangoni. Kashika kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia maboksi.

"Mama, njoo nikuandike mkononi, penisilini marufuku."

"Si una kompyuta tano wewe?"

"Ninazo. Lete mkono, mama."

Haya, nakuja.