Surua ya Mwalimu Mkuu

Kwa Mama, Masama,
Moshi, Tanganyika.
8 Novemba 1953

Mpendwa Kaka Anaeli,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na wifi Beatrice, na kwamba joto la Tabora linawaacha mlale. Je, kile kikohozi ulichotuandikia kimekwisha? Na Elifuraha ameshaanza kusimama, au bado anatambaa na kula mchanga? Mama anataka kujua yote hayo kabla ya jambo lingine lolote, kwa hiyo ukijibu anza nayo.

Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, goti tu linamsumbua akipanda na ndoo ya maji kutoka kwenye mfereji, mfongoni. Mvua za vuli zimeanza, ndizi zinakwenda vizuri, na ng'ombe mwekundu amezaa dume tena. Mama amelichukua jambo hilo kama tusi, na ng'ombe hasemeshwi.

Binti yako Aikande naye ni mzima. Neno hilo, mzima, nakuomba ulishike, maana yuko mtu aliyesema kwamba si mzima, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu leo baada ya ibada.

Kaka, nimechukizwa. Ningeweza kukupakia maneno mazuri, lakini tangu mwezi uliopita nina kinyaa ambacho hata chai haikiondoi. Nikimwona Mwalimu Mkuu wetu, Filemon, anapiga kengele na viatu vyake vinavyong'aa hata siku ya matope, nazungukia nyuma ya darasa nisimsalimu.

Unajua nafundisha darasa la pili, na Aikande yumo. Mwaka huu tumeshughulika na miisho ya vitenzi, kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Nawaambia watende kwanza. Mmoja anafunga mlango, wenzake wanasema mlango umefungwa. Anamfungia mwingine, kisha wawili wanafungana mikono kwa gome la mgomba na darasa zima linacheka. Hapo ndipo tunaposhika vibao na kuandika fungwa, fungia, fungana. Wanakwenda polepole, kwa kuwa nyumbani wanasema Kichagga, na Kiswahili wanakutana nacho kwangu tu na kanisani. Aikande anakisema kuliko wote, maana amekulia huko kwenu kwenye nyumba za reli, lakini akiandika anatia kila herufi anayodhani ameisikia, na nyingine za akiba. Sikuwa na wasiwasi naye. Angefika.

Mwezi wa tisa ikaja habari kwamba mkaguzi wa shule atatutembelea. Filemon akaingia darasani kwangu bila hodi, akafuta ubao wangu, akaandika safu ya vitenzi na kuwaambia watoto wavikariri mpaka waviote. Nilimwambia watavikariri bila kujua ni nini. Akanijibu mbele yao kwamba mkaguzi haji kutazama wanaojua, anakuja kutazama wanaoandika. Kuanzia siku hiyo mlango wangu haukufungwa wala kufunguliwa na mtoto yeyote. Waliimba tu ubao.

Siku ya ukaguzi madawati ya nyuma yalikuwa matupu. Watoto tisa hawakuwapo, wote wale wanaokwenda polepole, na Aikande mmojawapo. Mimi, kama ujuavyo, nalala nyumba ya walimu na nyumbani nafika Jumamosi, kwa hiyo sikujua ameamkaje. Filemon akaniambia, uso mkavu, kwamba wazazi wameleta habari ya surua. Mkaguzi alipouliza, akamwambia yeye vilevile. Basi waliobaki wakaandika safu yao bila kosa, na mkaguzi akatusifu sana. Tulivishwa kilemba cha ukoka, na Filemon akakivaa peke yake.

Kilichomponza ni kwamba surua si ugonjwa wa kutajia mtu wa serikali halafu ukategemea asahau. Mkaguzi alipokuwa anateremka na gari lake alisimama zahanati, akamwambia dresa anayetibu pale kwamba kuna surua shuleni. Mchana huohuo dresa akashika mkoba wake, akaanza nyumba kwa nyumba, na ya kwanza ikawa ya kwetu.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Dresa akamwuliza mgonjwa yuko wapi. Mama akasema hapa hakuna mgonjwa, Aikande amekwenda shule. Dresa akasema ametoka kuambiwa shuleni hayupo. Hebu fikiri, Kaka, mama mwenye umri ule na goti lile, kisu bado mkononi, anatoka mbio kumtafuta mjukuu.

Waliwakuta katika kihamba cha Filemon, shamba la nyumbani kwake. Wote tisa, vikapu viunoni, wanachuma kahawa yake. Alikuwa amewasimamisha langoni asubuhi, kengele haijalia, akawaambia: "Ninyi leo mna surua. Nendeni kwangu mkachume kahawa, na msionekane barabarani mpaka gari liondoke." Mtu mzima, Kaka! Mtu anayetuongoza sala ya asubuhi! Aliona dhambi kuwapoteza bure, akawatia na kazini.

Nilipoambiwa nilimfuata ofisini. Sikupiga kelele. Nilimwuliza kama ana haya, akaniambia amefanya hivyo kwa heshima ya shule. Nikatoka nje nikatema mate, mimi niliyelelewa na Mama.

Nawe utasema hapo ndipo palipokuwa pabaya zaidi. Hapana. Ngoja.

Habari zilipozagaa, wazee wa kanisa walimwambia Filemon akaombe radhi kwenye nyumba zote tisa. Wakisamehe wote, jambo litaishia hapa kilimani. Ikibaki hata nyumba moja, watampelekea mkaguzi habari yote. Sasa, wewe hukusahau isale, lile jani la kuombea radhi, lilivyo kwetu. Aliyekosa hulikata mwenyewe, akaja nalo mkononi pamoja na mzee mmoja, akataja kosa lake kwa kinywa chake. Na aliyeletewa hakatai, hata kama moyo unawaka. Filemon alifanyaje? Alikata masale kwenye mpaka wa shule, na watoto walipokuwa wanatoka jioni akampa kila mmoja jani lake. "Mpelekee baba, mwambie Mwalimu Mkuu anaomba radhi."

Aliwapa watoto walewale! Waliobeba kahawa yake ndio waliobebeshwa na msamaha wake, kama vile amewatuma kununua kiberiti. Nikilikumbuka hilo ndipo kinyaa kinapopanda upya. Nyumba nane zililipokea, maana ni isale, na nani anataka kusemwa kijijini kwamba amekataa isale?

Mama hakulishika. Alimwambia Aikande aliweke juu ya jiwe, akajifunga kanga, akalibeba mwenyewe kesho yake hadi shuleni. Akamkabidhi Filemon mbele ya darasa langu na kumwambia, "Mwalimu, hili limepotea njia. Unapajua kwangu."

Jumamosi akaja, na mzee, kama inavyotakiwa. Mimi nilikuwapo. Alizungumza vizuri sana, hata mzee alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipomaliza akamnyoshea Mama lile jani. Mama akasema, "Si langu hilo. Mimi hukuniambia nina surua. Mwenyewe yule pale."

Aikande alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maziwa. Filemon akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama mzee. "Nimpe mtoto isale? Mimi, mwalimu wake?" Mama akamwambia mtoto ndiye aliyekosewa, basi ainame tu kidogo, mkono utafika. Hakuinama. Alilitia isale mfukoni mwa koti, akaaga, akateremka, ncha ya jani imechomoza kama kalamu.

Sasa anasema atakuandikia wewe, kwa kuwa ndiwe baba, na neno lako likifika kwa posta kwamba umesamehe, nyumba ya tisa imekwisha na yeye yuko salama. Atakuandikia kwa mwandiko mzuri. Atakusifia reli, na atakuita ndugu. Nakusihi usimjibu hata mstari mmoja mpaka Mama akuambie kwamba ameinama. Wanasema nikiendelea hivi nitahamishiwa Kahe kwenye mbu. Nimeshanunua chandarua.

Mama anakusalimu sana, anamsalimu na wifi Beatrice, na anasema msimvishe Elifuraha kofia ya sufu kwenye joto hilo. Dada zetu wa Machame wote hawajambo, wanawasalimu.

Liko jambo moja sijakuambia, nimelizungukia tangu mwanzo wa barua. Aikande amerudi darasani, lakini hakai tena mahali pake. Amehamia dawati la mlangoni. Gari lolote likinguruma barabarani, hata lori la kahawa, anasimama, anachukua kibao chake, anatoka nje na kujificha nyuma ya choo mpaka sauti ipotee. Hakuna anayemtuma. Ijumaa nilimfuata huko. Akaniuliza, "Shangazi, surua yangu itakwisha lini?" Nikamwambia hana surua, hajawahi kuwa nayo. Bibi yake ameshamwambia. Dresa alimtazama mpaka ulimi. Anatusikiliza kwa adabu, kisha anasema atangoja baba aseme.

Basi, Kaka, ukishika kalamu usiniandikie mimi. Mwandikie yeye. Andika kwa herufi kubwa, maneno machache, ayasome mwenyewe bila kusaidiwa na mtu. Nitakaa naye kwenye dawati la mlangoni mpaka amalize.

Mungu awalinde nyote huko, na akupe nafasi ya kuandika wiki hiihii.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Ruth