Vidonge Vyekundu vya Mama

Mama,

Shikamoo. Hapa ndipo ungeitikia, "Marahaba, mwanangu daktari," nami ningeliacha neno hilo lipite. Mimi si daktari, mama. Ni tabibu wa zahanati ndogo hapa Kibaha, na miaka yote ile sikukusahihisha hata mara moja, maana jina lilinikaa vizuri. Leo naandika waziwazi, wasome na majirani zako wa Kisarawe, kwa sababu uliwaambia jambo juu yangu ambalo si kweli.

Ulipokuja kukaa nami nyumbani kwangu Kongowe, viganja vyako vilikuwa vimepauka na ulikuwa unahema kwa kupanda ngazi tatu tu za baraza. Nilikufunua kope la chini, nikaona weupe, nikasema, "Damu imepungua tu, mama." Sikukupima kitu. Nilikuletea fefo, vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu tunavyowagawia wajawazito kila siku, nikajiona nimemaliza kazi. Wagonjwa wa watu niliwapeleka maabara. Wewe nilikutibu kwa macho, kwa kuwa ulikuwa mama yangu na nilidhani nakujua.

Na vidonge vilifanya kazi, ndiyo maana nilidanganyika. Baada ya wiki chache ulikuwa unafagia uwanja na kunigombeza kwa kupika mchicha bila nazi. Damu ilikuwa imepanda. Nilitamba kazini siku nzima.

Halafu ikaja miguu. "Mwanangu, miguu naiona tu, siisikii," uliniambia ukikuna nazi. "Nikikanyaga sakafu, ni kama nakanyaga pamba." Nikakujibu huku natazama simu kwamba huo ni uzee, na huo ugonjwa wako wa sukari, endelea tu na fefo. Uliposema ulimi unawaka ukila pilipili, nilikwambia uache pilipili. Utabibu wangu uliishia hapo.

Siku inayonichoma zaidi ni ile Jumapili ya wageni. Wenzangu wawili wa zahanati walikuja kula, ukatoka jikoni umebeba hotpoti la wali, kandambili iko mguu mmoja. Ya pili ilibaki mlangoni na wewe huna habari. Wa kwanza kucheka nilikuwa mimi. "Mama, umeanza kurudi utotoni?" Watu watatu tuliosomea tiba tulikuwa pale mezani, na sote tulicheka. Uliitazama miguu yako, kisha ukacheka pamoja nasi. Kesho yake nilikukuta umezifunga kandambili zote mbili kwa vipande vya khanga nyuma ya visigino. Juma lile lile ukasema unarudi Kisarawe, eti nguruwe pori wanamaliza mihogo yako. Sikukuzuia.

Bi Mwantumu, jirani yako, ndiye aliyekupeleka hospitali ulipoanguka njiani ukitoka kisimani. Daktari wa huko, mama mtu mzima, alikuomba utoe ulimi, akaukuta mwekundu na laini, hauna vile vipele vyake vidogo. Akakusimamisha umefumba macho, ukayumba. Akapeleka damu yako Dar kupimwa, na majibu yakasema vitamini B12 ilikuwa karibu haipo kabisa. Vile vidonge vya sukari ulivyomeza miaka mingi, nilivyokuchukulia mimi mwenyewe, vinaweza kuuzuia mwili usiipate, na nyama wewe uliionja kwenye shughuli tu. Fefo huweza kuirudisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika chini kwa chini. Hilo nilifundishwa chuoni, mama. Niliulizwa kwenye mtihani, nikapata.

Ulichomwa sindano, mwanzoni siku moja baada ya nyingine, baadaye kila mwezi. Ulimi ukapona, ukaacha kusahau majina ya watu kama ulivyokuwa umeanza. Miguu haikurudi. Ulitembelea fimbo mpaka ulipotutoka. Niliwahi kuikuta kadi yako ya hospitali kabatini, nikaisoma yote nimesimama, nikairudisha palepale, nikafunga kabati. Wewe ukaendelea kumwambia kila mtu kwamba ni Rehema wako aliyekutibu. Msibani watu walinishika mikono wakinishukuru, nami nikaitikia. Tangu hapo wanakuja Kibaha kutibiwa na mimi, kwa ajili ya maneno yako.

Juzi alikuja Bi Mwantumu. Amechoka, vidole vina ganzi, moyo unamwenda mbio. Chumba kilikuwa kimejaa watu. Nilimfunua kope, nikaona weupe.

"Mama yako aliniambia nikiumwa nije kwako," akasema. "Aliniambia wewe hutarudia."

"Kurudia nini, Bi Mwantumu?"

Akafunga khanga yake vizuri kwanza. "Vile vidonge vyekundu. Daktari alimweleza mbele yangu, mwanangu. Mama yako akanikataza nisikwambie. Alisema, Rehema akijua ataogopa kushika wagonjwa, na hao wagonjwa nao wataenda wapi?"

Kumbe ulijua. Kila uliponisifia, ulijua. Nimeona aibu nyingi maishani, lakini hii imenikalisha chini. Nilimwambia Bi Mwantumu kwamba ni kweli, ni uzembe wangu uliokunyima miguu yako, na nilisema kwa sauti, wagonjwa wengine wakisikia. Kisha nikamwomba avue viatu, nikampitishia pamba nyayoni nione kama anaisikia, nikatazama ulimi, nikamwandikia vipimo. Majibu bado. Safari hii nitayasubiri.

Sijui kama nina haki ya kukuomba msamaha, maana ulishanisamehe bila mimi kukuomba, na hilo ndilo linalonishinda kubeba. Lakini ulimwambia Bi Mwantumu kwamba sitarudia, na hapo pia hukusema kweli. Alipotamka neno hilo, mkono wangu ulikuwa umeshalishika kopo la fefo, mama. Nilikuwa nimeshafungua kifuniko.

Mwanao,
Rehema