Samaki Aliyenunua Mwavuli

Likasi, 6 Februari 1993

Kwako yaya Daniella, dada yangu mkubwa huko Kamina,

Nimeolewa, yaya! Leo ni wiki tatu, na bado nacheka peke yangu nikisonga bukari.

Mume wangu ni Tshimanga, aliyekuwa muuzaji kwenye duka la baiskeli. Ah, siku ile nilipomsindikiza baba kununua mnyororo! Ukutani mwa ofisi yao wauzaji walitundika picha ya kujicheka wenyewe: muuzaji mwenye kravati amesimama ndani ya ziwa Tshangalele, anamuuzia samaki mwavuli. Nilicheka mpaka nikashika meza. Tshimanga akaniambia, "Mademoiselle, ule samaki alinunuaka mbili. Weye unakamata ngapi?"

Baadaye duka liliporwa, likafungwa. Alitoka na picha ile tu kwapani.

Sasa, yaya, watu wa Kasai wanaambiwa warudi kwao, hata Tshimanga, ambaye wazazi wake ni wa huko lakini yeye alizaliwa hapa mtaani Kikula. Wakwe zangu wanalala kituoni wakingoja treni. Baba alisema, "Weye ni mutoto wa hapa. Bakia." Nikamjibu, "Baba, miye iko na bwana." Picha tulimwachia yeye. Asubuhi tulimkuta anaipigilia msumari sebuleni, bila kutugeukia.

Treni yetu ya kwenda Kasai itasimama Kamina. Siku siijui. Uje kituoni kwa kila treni, yaya, uangalie madirishani: yule mrefu anayecheka kando yangu ndiye shemeji yako.

Mdogo wako mwenye furaha yake,
Orpa