Mtumbwi Uliokataa Kukauka

Ziwa Kettu, Minnesota
2 Machi 1997

Mdogo wangu Onni,

Salamu kutoka penye baridi. Mimi mzima, goti tu ndilo linalolalamika, nalo limelalamika tangu mama yetu akiwa hai. Wewe hujambo? Binti yako Marlys na wanawe wazima? Na jua la Arizona halijakukausha ukawa kama samaki wa kuning'inizwa?

Nakuandikia kwa sababu simu na masikio yangu havipatani. Habari yenyewe ni hii: mtumbwi wako umekwisha. Kitambaa cha faiba, kile cha nyuzi za kioo, nimekilaza, epoksi, gundi ya kukigandisha, nimeipaka juu yake, na unang'aa hivi kwamba nilijiona humo nikamwamkia yule mzee.

Haya, umefurahi? Sasa keti. Haujakwisha. Unang'aa kweli, ila ni kwa sababu bado mbichi. Leo siku ya sita, na ukiugusa unakushika mkono kama mjane kwenye dansi. Mbwa wangu alijikuna ubavuni mwa mtumbwi. Sasa mtumbwi una manyoya na mbwa ana upara.

Najua ulinikataza. Oktoba, ulipomaliza kuunganisha fito za mwerezi, ulisema faiba tutaiweka pamoja ukirudi, na mimi nisiuguse hata kwa jicho. Lakini binti yako ameniandikia kwamba kuna watu wa mjini Duluth wanaotaka kuinunua nyumba yako, na kwamba unafikiria kubaki huko moja kwa moja. Nikasema moyoni, Onni akijua mtumbwi uko tayari, barafu ikitoka tu atakuja. Mtu hauzi nyumba iliyo hatua mia kutoka kwenye mtumbwi mpya.

Basi niambie, wewe uliyefundisha watoto wa watu useremala miaka thelathini, nifanyeje. Mimi nadhani makopo ya epoksi ndiyo mabovu. Yule mwenye duka ameniuzia uji.

Kaka yako,
Reino


Mesa, Arizona
9 Machi 1997

Kaka Reino,

Shikamoo, ingawa leo hustahili. Sisi wazima. Marlys anakusalimu na anasema hakukutuma kufanya lolote.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Zile fito nilizipasua mwenyewe, moja moja, nikazipiga randa kuanzia Juni mpaka Oktoba. Nilikuomba jambo moja tu.

Nijibu haya bila hadithi. Banda lina joto kiasi gani? Mtu anaweza kukaa humo bila koti? Ulipimaje? Epoksi ni vikombe vitatu, dawa yake ya kugandisha kikombe kimoja, haizidi, haipungui. Ulikoroga muda gani, na ulikwangua pembeni na chini ya kopo? Nahisi ni baridi, maana nakijua kile kidebe cha kuni unachokiita jiko. Pasha banda joto, ngoja siku tatu. Usipake kitu chochote juu yake.

Watu wa Duluth wanataka jibu ifikapo tarehe thelathini Aprili. Nilikuwa sijaamua. Kama mtumbwi umeharibika, sioni ninachokirudia huko zaidi ya theluji.

Mdogo wako,
Onni


Ziwa Kettu
20 Machi 1997

Mdogo wangu Onni,

Natumai afya njema. Hapa tunapumua, mimi na mbwa mwenye upara.

Hilo neno lako la theluji limenichoma, lakini tuliache. Nimefanya ulivyosema, na zaidi ya ulivyosema. Jiko la banda halikufua dafu. Nikafikiri, mahali penye joto katika shamba hili ni pamoja tu, napo ni kwenye sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke. Mtumbwi mrefu, sauna fupi. Nikang'oa mlango, nikauingiza mtumbwi nusu, pengo nikaliziba kwa mablanketi. Siku tatu nimechochea moto kama ilivyo Jumamosi, siku yetu ya kuoga. Na kwa kuwa baba alisema sauna bila maji juu ya mawe ni jiko la mikate tu, nikamwaga maji. Kidogo. Ndoo mbili.

Sasa nusu ya ndani ina weupe kama maziwa yaliyomwagika, na bado inanata. Nusu ya nje haina weupe, nayo inanata vile vile. Jirani Sulo alikuja kuazima msumeno akakuta mtumbwi umechungulia nje ya sauna. Akaniuliza kama unaona haya kutoka uchi.

Kupima nilipima. Kukoroga nilikoroga mpaka bega likaomba msamaha. Nilipaka pia mkono mmoja zaidi wa epoksi juu, ili kuficha manyoya. Najua ulikataza. Barua yako ilikuwa bado njiani nilipoanza, na nilipoisoma nilikuwa nimefika katikati, mtu haachi kazi katikati.

Narudia, makopo ni mabovu.

Kaka yako,
Reino


Mesa
28 Machi 1997

Kaka Reino,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila Marlys ananiuliza kwa nini natembea chumbani nikisema peke yangu.

Weupe ni mvuke wako. Katika maisha yangu yote sijasikia mtu akiogesha mtumbwi. Lakini sauna yako, kwa bahati yako mbaya, imenionyesha jambo. Nusu imekaa kwenye joto, nusu kwenye baridi, na zote zinanata sawasawa. Basi si baridi. Kuhusu makopo, nimempigia simu mwenye duka. Amewauzia watu wanne wa mzigo ule ule, na kwa wote imeganda kama jiwe.

Linabaki moja. Umeandika "kupima nilipima." Nakujua miaka sitini na minane, kaka. Hukusema ulipima ngapi.

Ulitengeneza mashua za faiba kiwandani miaka ishirini na miwili. Ulikuwa ukinisimulia kwamba siku za baridi mlizidisha matone ya dawa ili resini, gundi yenu ya huko, igande kabla ya saa ya kahawa. Niambie hukufanya hivyo kwa mtumbwi wangu.

Onni


Ziwa Kettu
4 Aprili 1997

Onni,

Salamu.

Nilifanya hivyo.

Badala ya kikombe kimoja niliweka viwili. Ule mkono wa pili nikaweka viwili na nusu. Kiwandani dawa ikizidi, mashua inakuwa mwamba ukiwa bado unafuta brashi, na msimamizi anakupiga bega. Sikujua huku inakuwa asali.

Nilitaka igande upesi, kabla wale watu wa Duluth hawajainunua nyumba yako. Kila mtu akizeeka hapa anakwenda kwa watoto wake. Mimi mtoto sina. Nina wewe, na wewe una Arizona.

Nitukane kwa barua, nitaisoma.

Reino


Mesa
10 Aprili 1997

Kaka Reino,

Sina nguvu za kukutukana. Nimejaribu mara tatu, karatasi zimo kwenye ndoo ya taka.

Sikiliza kwa makini. Kule kiwandani ile dawa ilikuwa njiti ya kiberiti. Ukiwasha mbili, moto unakimbia zaidi. Epoksi ni ndoa. Kila chembe ya dawa inatafuta mwenzake, na ukileta mabwana harusi wawili kwa bibi harusi mmoja, wa pili atazurura humo mpaka kiama. Haitakauka. Si mwezi ujao, si mwaka ujao. Na ukipaka nyingine juu, unatandika shuka safi kwenye matope.

Yote itoke. Kitambaa ukivue, utelezi uliobaki uukwangue kwa chuma, ufute kwa asetoni, usugue kwa msasa mpaka mwerezi uonekane. Kisha uanze upya, kwa mizani, si kwa jicho. Banda liwe na joto. Pasiwe na maji.

Na usiniandikie tena kwamba umekwisha. Neno hilo ulishanipa mara moja, sitalinunua mara ya pili. Tarehe thelathini nitawajibu watu wa Duluth.

Onni


Ziwa Kettu
22 Aprili 1997

Mdogo wangu Onni,

Nakusalimu wewe, Marlys na watoto. Goti limenyamaza, mikono ndiyo inayosema.

Nimekwangua siku nane. Kitambaa kilitoka kama utando wa maziwa, chini yake kukawa na utelezi unaofuata vidole hadi mezani, hadi kitandani. Karibu na nyuma nilikwangua mno, fito mbili zimekuwa nyembamba. Nakuambia ili usije ukazigundua mwenyewe ukanifanya mwongo. Kwenye mizani ya jikoni ya marehemu mke wangu Helmi nilipima kama muuza dhahabu: tatu, moja. Nilikoroga nikikwangua pembeni, nikahamishia kopo jingine, nikakoroga tena. Banda lilikuwa na joto hata nilivua shati. Sulo nilimzuia mlangoni kwa sababu alikuja na kikombe cha chai chenye mvuke.

Sikwambii umekauka. Umenikataza. Nitakwambia lililonipata.

Niliinama chini ya ukingo kufuata tone lililokuwa likikimbia, na ndevu zikalala kwenye epoksi mbichi. Sikuona. Nilikwenda kunywa kahawa, nikalala, na asubuhi kidevu changu kilikuwa kipande cha ubao. Hakilainiki kwa siagi, wala kwa mafuta ya taa, wala kwa matusi ya Kifini, na nimetumia yote niliyorithi.

Nimekata upande wa kulia kwa mkasi wa kukatia bati. Kipande chenyewe kimo humu kwenye bahasha, kimetoka kopo lile lile na siku ile ile. Kibonyeze kwa ukucha. Ukucha ukizama, iuze nyumba, nami nitakusaidia kubeba vitanda. Usipozama, basi, wewe ndiye mwalimu.

Barafu imeachana na ufuko.

Kuna kitu kimoja nakudai. Baridi hii nimepanda paa lako mara tano kutoa theluji, na wewe uliahidi ukija utaninyoa. Sijawahi kukukumbusha. Upande wa kushoto nimeuacha, maana huko mkasi uko karibu na shingo. Njoo na ile mashine yako ya kunyolea.

Kaka yako,
Reino